Gauni jipya, usilivae siku ile kwa mara ya kwanza

Dada, kabla hujamtumia fundi salio lake, soma hapa kwanza.

Nimeusoma uzi wako nikiwa na sufuria motoni, maharage yakakaukia. Unakwenda Unguja mapumziko ya siku tano, Julai hii. Rafiki yako mliyelala naye bweni moja, ambaye hamjatiana machoni miaka tisa, anakuja likizo kutoka Muscat, na mmeahidiana chai ya saa kumi alasiri kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa, paani. Umeuliza rangi gani itakupendeza, viatu gani, nywele usuke au uachie, umpelekee zawadi gani, na nani alipe. Halafu ukamalizia, kama jambo la kupita tu, kwamba gauni lipo kwa fundi na utalipitia asubuhi ya kusafiri, na mchuchumio umeuagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, utaupokea bandarini.

Hapo ndipo niliposhika kichwa, maana siku yangu mimi iliharibikia hapo hapo.

Na nyinyi mliotangulia kumshauri, "pendeza shoga, asikupite", "weka kisigino uonekane umefika mjini", naomba kuuliza: mmewahi kupanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe? Zile za mbao, nyembamba, zimesimama wima, kila kidato na urefu wake, unapanda huku mkono mmoja uko ukutani? Mnamshauri mtu kwa picha mlizoziona kwenye simu.

Sasa nisikilize, mdogo wangu.

Mimi ilikuwa Agosti 2017. Shoga yangu nilisoma naye Tanga, kitanda kimoja cha deka miaka minne, yeye juu mimi chini. Usiku akishuka kwenda kunywa maji alikuwa ananikanyaga mguu, na mpaka leo naujua uzito wa unyayo wake. Mwaka 2006 akaolewa, akaenda Muscat. Miaka kumi na moja ikapita kwa simu na salamu za kutumiana. Mwaka ule mama yake akafariki, naye hakuwahi mazishi. Akaja kwenye hitima ya arubaini, akakaa kwao wiki chache, nyumba imejaa watu, hata pa kulia hana. Siku chache kabla ya kurudi akanitumia ujumbe: "Njoo Unguja. Nataka tukae wewe na mimi tu, tunywe chai. Nina maneno."

Nikaomba likizo kazini, nikapewa siku nne. Ndege yake ilikuwa saa tatu usiku, na ndugu zake walitaka aondoke mjini saa kumi na moja na nusu ili awahi uwanjani. Tukapanga saa kumi, paani kwenye hoteli moja ya Hurumzi, Mji Mkongwe, kwa hiyo tulikuwa na saa moja na nusu. Saa moja na nusu, kwa miaka kumi na moja.

Mimi badala ya kufikiria hiyo saa moja na nusu nikafikiria nitavaa nini.

Nikaenda Kariakoo, duka moja la nguo lenye fundi wake kwa nyuma. Mwenye duka akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kunywa chai hotelini na rafiki yangu anayeishi Arabuni. Akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema: "Dada, wale wa Muscat wanavaa dhahabu kwenda sokoni. Ukimwendea na kitenge atakuonea huruma." Neno lile likaniingia kama mwiba wa samaki. Akaendelea kwamba chai ya alasiri ni mambo ya Waingereza na ina mavazi yake: gauni la kubana, satini, mpasuo nyuma, kisigino cha inchi nne. Akanichagulia rangi ya damu ya mzee. Kitambaa na ushonaji shilingi 185,000, viatu 70,000. Nikatoa. Ilikuwa akiba ya ada ya muhula wa pili ya mdogo wangu, nikajipa moyo nitairudisha.

Yule mama mwenye duka nina hasira naye mpaka leo, na sioni haya kulisema. Hakuuza gauni, aliuza woga. Alijua nimemkumbuka mtu na ninaogopa kuonekana nimebaki nyuma, akapandisha bei juu ya woga ule. Na hiyo habari ya Waingereza wala hakuijua. Mimi niliirudia baadaye kwa uchungu, nikasoma. Anayetajwa kuizoesha chai ya alasiri Uingereza ni Anna, Dachesi wa Bedford, miaka ya 1840: chakula cha usiku kilikuwa kinachelewa mno, njaa ikimshika alasiri, akawa anaagiza chai na mkate chumbani kwake, baadaye akaanza kuwaita marafiki zake waje wanywe naye. Njaa na marafiki, basi. Na ilipofika miaka ya 1870 hivi, wanawake wao wakawa na gauni maalumu la chai, nalo lilikuwa gauni lililopwaya, la kuvalia nyumbani, ili mtu apumzike kidogo na ile koseti ya kumbana mbavu. Hao hao aliowatolea mfano walilegeza nguo kwa ajili ya chai! Mimi nikabanwa kama ndizi kwenye ganda lake kwa jina lao.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye kipimo. Fundi alinipima nimesimama. Akanijaribisha nimesimama, mbele ya kioo, mikono chini, pumzi nimeivuta ndani. Likanikaa vizuri kweli, nikajipenda. Hakuna aliyeniambia: dada, hebu kaa. Hakuna aliyeniambia inua mikono. Nikakunja, nikatia kwenye mfuko, nikapanda boti asubuhi, na gauni lile sikuligusa tena hadi siku ya chai saa nane na nusu mchana.

Sasa hesabu nami. Satini imejikunja mfukoni, nikaomba pasi nyumba ya wageni, Malindi ya Unguja pale. Pasi ikawa inatumika na mtu mwingine. Nikaipata saa tisa na robo. Zipu ya ubavuni ikagoma katikati, ikala uzi wa bitana, nikahangaika nayo peke yangu chumbani jasho likinitoka, hadi adhana ya alasiri ikanikuta bado nimekwama. Nikatoka saa kumi kasoro dakika tano. Kutoka Malindi kwenda Hurumzi kwa mguu, ukiwa na ndara zako, hazifiki dakika kumi na tano. Mimi nilitumia saa nzima na zaidi.

Mji ule magari hayaingii kwenye vichochoro vyake, dada, lazima utembee. Chini kuna mawe, kuna saruji iliyopasuka, kuna mifereji yenye vifuniko vya nafasi nafasi, na kisigino chembamba kinaingia humo kama ufunguo kwenye kitasa chake. Vespa inakuja kwa nyuma, unajibanza kwenye baraza la watu. Baiskeli nayo. Nikawa natembea macho yapo miguuni. Na Mji Mkongwe unatembea kwa kutazama juu: mlango huu wenye misumari ya shaba, pale duka la kanga, kona ile yenye msikiti. Mimi sikutazama chochote isipokuwa viatu, nikapotea. Nikajikuta natokea Darajani sokoni, nyuma kabisa ya ninakokwenda. Kijana mmoja mwenye gari la miwa akanihurumia, akaacha mashine yake akanisindikiza.

Nimefika saa kumi na moja na dakika tano. Zimebaki dakika ishirini na tano.

Naye amekaa pale pale tangu saa kumi kasoro. Unataka kujua alivaa nini, huyu wa Muscat wa dhahabu sokoni? Gauni la pamba la mikono mirefu, limefuliwa hadi maua yake yamefifia. Mtandio mweupe. Makubadhi ameyavua, yapo pembeni ya ngazi. Na kifuani amechomeka kikuba, asumini na rehani na mkadi, nilianza kuinusa ile harufu kabla hata sijamaliza ngazi. Akasimama, akaliita jina langu lile la shuleni ambalo hakuna mtu mwingine anayenijua nalo. Nikainua mikono nimkumbatie.

Trrr! Chini ya kwapa.

Nikaishusha mikono. Umenielewa? Mtu niliyemngoja miaka kumi na moja kaja kifuani kwangu, mimi nimeishusha mikono kwa sababu ya mshono. Nikamshika kwa viganja tu, kama mtu anayepokea mgeni asiyemjua. Niliona uso wake ukibadilika kidogo, halafu akatabasamu.

Kumbe pia pale juu hakuna viti. Ni majamvi na mito, watu wanakaa chini, viatu vinabaki ngazini. Mchuchumio wa elfu sabini ukabaki ngazini na ndara za wahudumu, hakuna aliyeuona. Nikajaribu kukaa kwa ubavu. Zipu ikafunguka yote, kutoka kwapani hadi nyongani.

Akanishika mkono, tukaenda maliwatoni. Akachomoa pini za mtandio wake, zote nne, mtandio ukamwangukia mabegani, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji akaanza kunibana mshono, pini moja baada ya nyingine, anaipitisha kwa ndani ili isinichome. Kichwa chake kipo usawa wa kiuno changu, nauona mstari wa mvi katikati ya nywele zake, mvi ambazo sikuwa nazijua. Akasema, taratibu: "Mama angekuwapo angekushonea sasa hivi, wala usingesikia sindano." Mama yake alikuwa fundi cherehani. Lile gauni la maua alilovaa, mama ndiye aliyelishona.

Pale ndipo maneno yake yalipokuwa yanaanza. Mlango aliufungua mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu: "Yule mama wa Kariakoo kaniibia, unajua nimelipa shilingi ngapi?" Nikamweleza habari ya satini. Nikamweleza habari ya fundi. Akawa anaitikia, "ee", "pole", huku anabana pini.

Tuliporudi mezani chai imefanya utando. Chai nzuri ya maziwa, iliki na mdalasini, imepoa. Sambusa na katlesi zimekaa, visheti vimekaa, mimi siwezi kula kwa sababu nikivuta pumzi pini zinanigusa. Yeye akamega kisheti, akakirudisha sahanini. Upepo wa kusi ukawa unavuma pale juu, mkono wangu mmoja umeshika ubavu, mwingine umeshika mpasuo. Wa kumshika yeye haukubaki. Simu yake ikaita, ndugu zake wapo chini.

Hajarudi Unguja tangu siku ile. Tunapigiana. Aliyotaka kuniambia nimeyapata vipande vipande, na mara nyingi mtandao unakatika pale pale anapoanza kutulia. Maneno ya kusemewa ana kwa ana hayapiti vizuri kwenye simu. Ada ya mdogo wangu niliirudisha kwa miezi mitano. Saa ile moja na nusu sijui nitaitoa wapi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ukiniletea swali la kiatu au la mkufu au la kucha nitakujibu hiyo hiyo: siku ya kumwona mtu uliyemkosa kwa miaka, usivae kitu chochote kwa mara ya kwanza. Gauni, kiatu, sidiria, hata hereni. Kiwe kitu kilichokwisha kukaa na wewe chini, kikala na wewe, kikatembea na wewe juani na kikakusamehe.

Sikwambii uende umechakaa. Jipambe, dada, mtu huyo anastahili! Nakwambia gauni hilo kama unalipenda, lichukue kwa fundi wiki mbili kabla. Mwambie akupime umekaa, kwenye kigoda kifupi au mkekani, maana kiuno cha mtu aliyekaa kinaongezeka. Aache akiba ya mshono kwapani na kiunoni, vidole viwili kila upande, ili pa kulegeza pawepo. Bitana iwe ya pamba, si ile ya kuteleza inayotafunwa na zipu. Akikuambia "litaachia lenyewe ukilivaa vaa", basi livae vae nyumbani kwako, lisiachie mbele ya rafiki yako. Lifue mara moja. Livae sokoni. Livae msibani ikibidi. Nenda nalo kwa mama mkwe ukasaidie kupika, nguo ikitoka salama jikoni kwa mama mkwe itatoka salama popote.

Na kijaribio ambacho hakuna fundi atakayekupa: kumbatia mtu. Mtafute mtu wa urefu wa rafiki yako, mume, jirani, mtoto mkubwa, mkumbatie kwa mikono miwili hadi juu ya shingo, ukae hapo kwa kuhesabu hadi ishirini. Nguo isiyokuruhusu kumkumbatia uliyemfuata haina kazi hapo, iwe imetoka Kariakoo au Paris.

Julai ni kusi, upepo upo na paani unazidi. Nguo nyepesi iliyo wazi chini itakufanya ukae umejishika. Chagua pamba yenye uzito kidogo, ndefu ipite magoti, mikono ifunike mabega, kwa sababu ule ni mji wa watu wenye heshima zao na utapita mbele ya misikiti watu wakitoka alasiri. Deraa zuri uliloshazoea, mtandio, umemaliza. Ukiwa na doti la kanga ulipendalo, shonesha gauni lake leo. Kanga inajua kukaa chini.

Mchuchumio futa oda. Kama umeshalipa, uache kwa muuzaji akuuzie. Vaa makubadhi au kiatu bapa unachokivua bila kuinama, na ukitembee kabla, siyo ukifungue boksi bandarini na kuingia nacho njiani. Miguu iwe safi tu, maana itaonekana kuliko viatu. Mkobani weka pini nne. Zako. Usimvue mwenzio mtandio.

Na saa kumi yenu, wewe iite saa tisa. Uwe umekaa kwenye mto wako wa kukalia, chai haijaagizwa, unatazama ngazi, yeye ndiye apande akukute. Mtu aliyetoka mbali akikuta anangojwa, nusu ya maneno yake yanatoka yenyewe.

Usiku wa leo mpigie fundi. Mwambie unalitaka gauni Jumamosi hii na siyo mwezi ujao, akikataa chukua hela yako. Ukilipata, livae, tandika mkeka sebuleni, kaa, kunywa chai vikombe viwili vizima, halafu inuka umkumbatie mtu. Likikubana popote, hata kidogo, rudi hapa uniambie ni wapi, kwapani au kiunoni. Nipo macho hadi saa sita.